Aliyesawazisha Ndiye Apande

Kwanza tulisikia sahani ya namba. Ilikuwa inagonga taka-taka-taka, kama meno ya mtu mwenye homa, na chini yake mngurumo wa injini ndogo. Pikipiki yenyewe ilikuwa bado nyuma ya ukuta wa ghala. Baba aliinua uso kutoka kwenye beseni la mafuta ya taa alimokuwa anaosha beringi.

"Huyo gurudumu lake la mbele linampiga," alisema. "Na hajafika hata hamsini."

"Au sahani imelegea skrubu," nikasema.

"Sahani inalia kwa sababu inatikiswa, mwanangu. Usimshike anayelia, mtafute anayempiga."

Siku hizo kila neno la baba lilikuwa linanichoma, hasa likiwa la kweli.

Aliyetokea kwenye kona alikuwa Msoma Mita. Huyu bwana alizunguka mtaa kwa mtaa kusoma mita za umeme, na mdomo wake ulifika mahali kabla ya pikipiki yake.

"Mzee Mizani, niokoe!" alipiga kelele hata kabla hajazima injini. "Jana nimefungiwa tairi jipya, leo mikono inatetemeka mpaka nashindwa kushika kalamu. Kuna mama mmoja nimemwandikia umeme wa kiwanda cha saruji!"

"Ulifungiwa na nani?"

"Na mtu mwenye bei nzuri."

"Basi kamwambie mwenye bei nzuri," baba alisema, lakini tayari alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu.

Karakana ilikuwa ya watu wawili, baba na mdogo wake. Walianza na pampu ya mguu na jeki moja. Baba mdogo alishika wateja, baba akashika magurudumu, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwita baba kwa jina lake. Alikuwa Mizani, kwa sababu alisawazisha uzito wa magurudumu yasitikisike. Watu walipita karakana tatu kuja kwake. Zamani, wakati rimu zote zilikuwa za spoku, alikuwa anazungushia spoku waya wa kulehemu, mzunguko mmoja mmoja, mpaka gurudumu litulie. Baadaye vikaja vipande vidogo vya risasi, yale madini mazito, vyenye gundi mgongoni, akahamia huko.

Stendi yake aliitengeneza mwenyewe: nguzo mbili za chuma juu ya bamba zito, na kichwani mwa kila nguzo beringi mbili ndogo zimekaa bega kwa bega. Gurudumu linawekwa pale likiwa na ekseli yake, ile ile linayotembea nayo barabarani. Ukilisukuma kwa kidole linazunguka, linachoka, linarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha linasimama. Upande mzito unakuwa chini. Unaweka chaki, unabandika risasi upande wa juu, unasukuma tena, mpaka gurudumu liwe halichagui pa kusimama. Elimu yote ni hiyo. Unaweza kuifahamu kwa dakika tano ukaikosea miaka kumi.

Halafu kulikuwa na sheria. Baba aliiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango kabla mimi sijazaliwa: ALIYESAWAZISHA NDIYE APANDE. Mteja hapewi pikipiki yake mpaka fundi aliyesawazisha ameipanda mwenyewe, kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya ghala, afike mwendo wa sabini, kisha alegeze vidole kwenye usukani. Kushika kwa nguvu, baba alisema, ni kulisaidia gurudumu kusema uongo.

Miezi mitatu nyuma baba mdogo alileta mashine. Aliinunua kwenye gereji ya magari iliyofungwa, na kwa kuwa ilitengenezwa kwa magurudumu ya gari, gurudumu la pikipiki lilihitaji shafti ndefu ya kuongezea na koni mbili za chuma, moja huku na moja huku, za kulibana katikati. Unafunika, unabonyeza, linazunguka kwa nguvu zake, kisha kioo kinaandika gramu kwa tarakimu nyekundu. Nilipelekwa mafunzo wiki sita. Niliporudi, mafundi wa jirani wakaniita Injinia, kwa dhihaka. Mimi nikaitika kama vile nimebatizwa.

Niseme ukweli, niliipenda ile mashine kuliko nilivyompenda mtu yeyote mwaka ule. Haikuniita mwanangu. Haikusema "subiri". Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu utotoni nilikuwa mtoto wa Mizani. Nilitaka kitu kimoja duniani ambacho baba hakijui.

Jumatatu ya wiki ile baba mdogo alisema nafasi haitoshi. Pale iliposimama stendi alitaka kuweka rafu za tairi.

"Kaka, dunia imehama," alimwambia baba. "Karakana moja, njia moja."

"Nionyeshe gurudumu moja nililokosea."

"Nikikuonyesha?"

"Stendi itoke. Na mimi nitakaa pale mlangoni niwe naziba pancha."

Alisema kwa utani, ila sote tulijua Mizani hatanii kuhusu magurudumu. Kwa hiyo Msoma Mita alipoingia Jumatano na sahani yake inayogonga, baba mdogo alitoka ofisini akifuta mikono kama mtu anayekwenda kula.

"Hili hapa ndilo," alisema. "Kaka aanze, Injinia apime. Tumalize maneno."

Baba hakubisha. Alilitoa gurudumu, akachomoa bushi ya upande wa kushoto, kile kipete cha chuma kinachokaa ndani ya mpira wa kuzuia vumbi, akakiweka kwenye kisahani pamoja na nati. Alipangusa rimu kwa spiriti mara mbili. Kisha akalipandisha stendini, akalisukuma kwa kidole cha shahada, akasubiri.

Msoma Mita hakuweza kusubiri na mdomo umefungwa. "Kuna mmoja kule sokoni anamimina vigololi ndani ya tairi. Anasema ukienda mwendo, vinakimbilia vyenyewe mahali vinapotakiwa."

"Ukienda mwendo," baba alisema bila kugeuka. "Ukienda polepole vinalala chini, kama wewe kazini."

"Mzee! Mimi kazini silali, nasinzia."

Hata baba mdogo alicheka. Gurudumu lilisimama, baba akaweka chaki. Alisukuma mara tatu, mara tatu likasimama palepale. Alibandika gramu ishirini, akaondoa tano, akasukuma tena, na sasa likawa linasimama popote, leo hapa kesho pale, kama mtu asiye na deni. Alirudisha bushi mahali pake, kwa sababu vitu vidogo hupotea, akanikabidhi gurudumu kwa mikono miwili.

Nikalichukua lilivyo. Nikaingiza shafti, nikasukuma koni ya kulia, nikasukuma koni ya kushoto.

"Toa kwanza hiyo—" baba alianza.

"Baba, naomba usiniingilie. Mimi sikukuingilia."

Nilikaza, nikafunika, nikabonyeza. Mashine ikanguruma na tarakimu zikatokea: thelathini na tano. Gramu thelathini na tano za makosa, kwenye gurudumu ambalo Mizani amelimaliza dakika mbili zilizopita.

Ninaikumbuka ile furaha. Ilipanda kifuani kama maji ya moto, nami nikaiacha ipande. Ningeweza kulitoa gurudumu nilipime upya, hata kwenye mafunzo tulifundishwa hivyo, lipime mara mbili. Badala yake nikachukua bisibisi, na mbele ya baba mdogo, mbele ya Msoma Mita, mbele ya wateja wawili wa pancha, nikazibandua risasi za baba moja baada ya nyingine, nikazitupa kwenye debe la takataka. Ziligonga debe. Kila moja ilisikika.

"Kidole hakisomi gramu, mzee," nikasema. Sikusema baba. Nikasema mzee, kama wateja wanavyosema.

Nikapima upya bila zile zake, nikabandika zangu mpaka kioo kikaandika sifuri. Baba mdogo akanipiga begani. Baba alikuwa anaitazama bushi, kisha ananitazama mimi, na kinywa chake kimefungwa kama nilivyokiomba.

Nilipomaliza kulifunga gurudumu, Msoma Mita akanyoosha mkono apewe ufunguo. Baba akauwahi.

"Haijapandwa."

"Kaka, mashine imeshajaribu," baba mdogo alisema. "Karatasi hii hapa imetoka."

"Karatasi haina mifupa. Injinia, panda."

Hapo ndipo maisha yangu yalipokatika vipande viwili, na nilikuwa nimesimama tu nikipangusa mikono. Kilomita mbili kwenda na kurudi, dakika tano. Lakini niliona kwamba nikipanda, nitakuwa nimekubali kuwa ile karatasi haitoshi. Nitakuwa nimerudi kuwa mtoto wa Mizani.

"Anayetaka kupanda apande," nikasema. "Mimi nimemaliza kazi yangu."

Baba alichukua helmeti msumarini. Alikuwa na miaka sitini na moja. Aliivaa taratibu, akafunga kamba, akaondoka.

Tuliusikia mngurumo ukizunguka ghala, ukinyooka, ukipanda. Baadaye ikaanza ile sahani. Taka-taka-taka. Ikaenda haraka zaidi kuliko asubuhi, mpaka sauti zikashikana zikawa moja, kisha chuma kikakwaruza lami kwa muda mrefu, na baada ya hapo hatukusikia kitu.

Nilikimbia nikiwa wa kwanza, lakini Msoma Mita alinipita. Baba alikuwa amelala ubavu kwenye kokoto za pembeni, mkono wa kulia uko chini yake kwa namna ambayo mkono haukai. Mafundi wa jirani na vibarua wa ghalani wakamzunguka. Mimi, Mungu ananiona, nilikwenda kwanza kwenye pikipiki. Niliinyanyua, nikaisimamisha kwenye mguu wake wa kati, nikaikandamiza nyuma mpaka gurudumu la mbele likawa hewani. Likazunguka taratibu. Likarudi nyuma kidogo. Likasimama, na risasi zangu zilikuwa chini kabisa.

Hakuna aliyehitaji mashine kulisoma lile. Mtoto wa shule angelisoma.

Nilipiga magoti kana kwamba naangalia breki, nikaingiza ukucha, nikazibandua. Zilikuwa nne, za moto. Nikazitia mfukoni. Nilipoinua kichwa, katikati ya miguu ya watu, niliuona uso wa baba. Shavu lake lilikuwa kwenye kokoto na macho yake yalikuwa wazi, yananitazama.

Baba mdogo akafika akihema. "Injinia, si ndilo gurudumu ulilopima? Si liliandika sifuri?"

Nilijua maneno yanayotakiwa. Yalikuwa mawili tu: ni langu.

"Ni langu," baba alisema.

"Kaka?"

"Nilisimama pale nyuma ya ghala. Nikabandua zake, nikaweka zangu. Ubishi tu."

"Ziko wapi hizo zako?"

Baba alifumba macho. "Zimeruka. Sikupangusa rimu."

Watu wote waliokuwapo pale na waliowahi kushika spana walitazama chini. Kutopangusa rimu ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ni kama kusema kocha wa kuogelea amezama kwenye beseni. Na Mizani alilisema akiwa chini, kwa sauti ya kusikika, akalivaa kama shati lake.

Mimi nikasaidia kumbeba. Risasi zilikuwa zinanigonga pajani kila hatua.

Hospitali walimfunga plasta kuanzia vidole mpaka juu ya kiwiko. Daktari alisema mfupa utaunga. Ila mishipa ya vidole viwili, hawezi kuahidi. Cha gumba na cha shahada. Kile cha kusukumia.

Alhamisi stendi ilitoka. Baba mdogo hakuitoa kwa ubaya, alikuwa na huzuni ya kweli, akasema kaka mwenyewe ndiye aliyeweka sharti. Iliegemezwa nyuma, kwenye lundo la vyuma chakavu, ikisubiri gari la Jumamosi. Rafu zikaja. Msoma Mita alipopita kuchukua pikipiki yake alisimama akatazama pale patupu.

"Basi Mizani imejipima yenyewe," alisema, "ikaona imezidi."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka. Hilo sitalisahau hata nikisahau lile la kokoto: kwamba meno yangu yalikuwa nje pamoja na yao.

Ijumaa mchana, baba mdogo alipokwenda kula, likaja gurudumu lingine la aina ileile. Nilianza kulipandisha kwenye shafti na mkono wangu ukagusa bushi. Ilicheza. Ilikuwa imekaa ndani ya ule mpira kwa kulegea, kama jino la mtoto, na koni ilikuwa inaibana ikiwa imeinama upande. Nikapima hivyohivyo: thelathini na moja. Nikaitoa bushi, koni ikakaa kwenye beringi yenyewe. Nikapima. Tatu.

Niliirudisha nikapima tena. Nikaitoa nikapima tena. Nilifanya hivyo mara tano na kila mara mashine ilinijibu kwa heshima ileile. Haikuwa imedanganya hata siku moja. Ilikuwa imepima kwa uaminifu gurudumu ambalo mimi nimelishika pogo. Baba aliliona lile kwa jicho moja kutoka hatua nne, akafungua kinywa kuniambia, nami nikamfunga.

Niliacha gurudumu la watu kwenye shafti. Nikaenda nyuma, nikaitoa stendi kwenye chakavu, nikaibeba begani. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nilitembea nayo mchana kweupe mpaka nyumbani, mafundi wa jirani wakiita, "Injinia, umehamia kwenye chuma chakavu?" nami nikaihamishia bega la pili, nikaendelea.

Mama alikuwa uani akianua nguo. Aliitazama stendi, akanitazama.

"Kumbe bado ipo," alisema. "Nilifikiri mmeshaila."

"Baba yuko ndani?"

"Ataenda wapi? Kifungo cha shati anafungiwa na mimi." Akaikunguta fulana ya baba kwa nguvu. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Huyu mtu miaka yote hii, ameacha kupangusa rimu? Kijiko tu anakipangusa mpaka nakosa raha."

Nilipita nikaingia ndani. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, plasta juu ya mto, dirisha liko nyuma yake. Niliiweka stendi sakafuni. Nikaingiza mkono mfukoni, nikazipanga risasi nne juu ya kimeza, karibu na kikombe chake.

"Ilikuwa bushi," nikasema.

"Najua ilikuwa bushi."

"Baba, ulinikinga mbele ya watu, na mimi sikustahili—"

"Nani kakukinga?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Sikukukinga wewe. Nilikuona umepiga magoti pale unabandua, na mimi sijanyanyuliwa. Nikajiuliza, nikisema kweli, watu watasema nini? Watasema hayo ndiyo Mizani aliyoyazaa. Nikaona afadhali waseme nimezeeka. Uzee si aibu."

Nje mama alikuwa ameacha kukunguta nguo.

"Kukosea gurudumu, kila fundi amekosea," baba aliendelea. "Mimi nimekosea mengi. Ila nilikuwa nayapanda mwenyewe, kwa hiyo yalinirudia mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya yale maandishi mlangoni. Ulidhani ni pambo?"

Alinyoosha mkono wa kulia kuelekea stendi. Ncha za vidole viwili zilizochomoza kwenye plasta zikagusa beringi ya juu, zikaisukuma. Ilizunguka. Aliitazama inazunguka, kisha akavitazama vidole vyake, na nikaelewa kwamba ameiona tu ikizunguka, vidole havikuihisi.

"Irudishe chakavu," alisema. "Haina mwenyewe."

Nilitaka kulia, na nikaona kulia nako ni ujanja, ni kutafuta kupanguswa. Nikazichukua risasi zangu mezani, nikapiga magoti mbele yake, safari hii watu hawapo na sina cha kuficha.

"Baba, sikuombi msamaha leo," nikamwambia, kwa sauti ambayo mama uani aisikie. "Kesho asubuhi, baba mdogo akiwepo na mafundi wa jirani wakiwepo, nitazimwaga hizi juu ya mashine, niseme ni zangu na nilizibandua wapi na nani alikuwa chini. Nitamtafuta Msoma Mita nimwambie na yeye, acheke anavyotaka. Stendi itarudi pale, au mimi nitatoka. Na kuanzia kesho, gurudumu lolote nitakaloligusa, liwe la mashine liwe la kidole, nitalipanda mimi kwanza, na vidole nitavilegeza."